Jaribio la t: Kulinganisha Wastani bila Kupunja Mizani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wengi wetu tulio mwaka wa mwisho tumefika pale ambapo data zimekwisha kukusanywa na sasa tunaambiwa “nenda ukachambue”. Hapo ndipo mtu humwendea rafiki anayejua kompyuta, akampa faili na kumwomba amtolee thamani ya p. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilipata thamani ya p, lakini haikuwa jibu la swali langu, na ilibaki kidogo tu inipeleke mahali pabaya zaidi ya kufeli. Nimeandika somo hili ili mwenzangu asipite nilipopita.

Utafiti wangu ulikuwa mdogo. Mwishoni mwa Shaaban nilipima uzito wa wanafunzi wenzangu waliokubali, na baada ya Idi nikawapima tena. Dada mmoja wa jumuiya yetu aliwapima akina dada upande wao. Hatukuandika majina, kila mtu alipewa namba. Nilitaka kujua kama wastani wa uzito unabadilika baada ya mwezi wa funga. Lakini moyoni nilikuwa na swali jingine ambalo sikuliandika kwenye pendekezo la utafiti: nilitaka sana matokeo yaseme kwamba funga inapunguza uzito, ili nisimame mbele ya watu na kuonyesha faida ya ibada yetu kwa tarakimu.

Rafiki yangu aliingiza data, akabofya, akaniambia: “Pole, ndugu yangu. Hakuna tofauti.” Kisha akatazama orodha na kuongeza: “Lakini hawa wawili uzito wao umepanda. Ukiwatoa hawa, mambo yatakaa sawa.”

Nitarudi kwa hao wawili. Kwanza tujifunze jaribio lenyewe.

Jaribio la t linauliza nini?

Tuseme wastani wa kundi moja ni 60 na wa jingine ni 62. Tofauti ni 2. Je, hiyo 2 ni tofauti ya kweli, au ni bahati tu ya watu waliotokea kuingia kwenye sampuli? Ukipima watu wengine kesho, huenda tofauti ikawa 0, au ikageuka upande wa pili.

Jaribio la t linajibu kwa kugawanya. Linachukua tofauti ya wastani na kuigawanya kwa kosa sanifu, yaani kipimo cha mtikisiko tunaoutarajia katika tofauti hiyo kwa bahati tu. Tofauti ikiwa kubwa mara nyingi kuliko mtikisiko wake, t inakuwa kubwa, na tunakuwa na sababu ya kusema kwamba si bahati. Tofauti ikiwa inalingana na mtikisiko wake, t inakaribia 1 au chini, na hatuna la kusema.

Ni kama kumsikiliza mtu anayeongea sokoni. Unamsikia kwa sababu ya sauti yake, na pia kwa sababu ya ukubwa wa kelele iliyomzunguka. Tofauti ya wastani ndiyo sauti, na kosa sanifu ndilo kelele.

Kompyuta ikishapata t, inaitafsiri kuwa thamani ya p. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu wengi wanakosea. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata t kubwa kiasi hicho au zaidi, kwa upande wowote, *kama kwa kweli hakuna tofauti*. Haisemi kuna uwezekano gani kwamba dhana yako ni sahihi, wala haisemi tofauti ni kubwa au ina faida. Mwaka 2016 Jumuiya ya Takwimu ya Marekani ilitoa tamko rasmi juu ya makosa haya haya, na ukiona wanataaluma wakubwa wanakumbushana jambo, usione aibu kulirudia polepole.

Mwanafunzi wa kwanza

Jaribio hili huitwa pia jaribio la “Student”. Wengine hudhani ni kwa sababu wanafunzi ndio wanaolitumia. Sivyo. William Sealy Gosset, aliyesoma hisabati na kemia Oxford, aliajiriwa mwaka 1899 na Guinness, kiwanda cha bia cha Dublin. Kazi yake ilimlazimu kufanya maamuzi kwa vipimo vichache sana, wakati hesabu za zama zile zilifaa kwa sampuli kubwa. Mwaka 1908 alichapisha suluhisho lake katika jarida la Biometrika kwa jina la kalamu la “Student”, na jina hilo likabaki.

Niliposoma habari hiyo, nilimuuliza ustadh wetu kwa mzaha kama inafaa Muislamu kutumia hesabu iliyozaliwa kwenye kiwanda cha pombe. Alicheka, akasema hesabu haileweshi, kinacholewesha ni mtu kuipenda jibu kabla hajahesabu. Sikujua kama alikuwa anajua habari za utafiti wangu.

Majaribio matatu, si moja

Hapa ndipo rafiki yangu alipojikwaa, na mimi pamoja naye. Jaribio la t lina sura tatu, na kompyuta haitakuchagulia.

La kwanza ni la sampuli moja. Una kundi moja na unalinganisha wastani wake na namba iliyojulikana tangu mwanzo. Mfano: mifuko ya unga imeandikwa kilo 1. Unapima mifuko 20 na kuuliza kama wastani wake kweli ni kilo 1.

La pili ni la sampuli huru. Una makundi mawili ya watu tofauti, na mtu wa kundi hili hahusiani na yeyote wa kundi lile. Mfano: alama za wanaokaa bweni na za wanaotoka nyumbani.

La tatu ni la jozi. Watu ni wale wale na wamepimwa mara mbili, au kila mtu ana mwenzake aliyelinganishwa naye tangu mwanzo. Mfano: kabla na baada ya Ramadhani.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu watu wanatofautiana sana wao kwa wao. Kuna mwenye kilo 48 na kuna mwenye kilo 95. Ukiwachukulia wa kabla na wa baada kama makundi mawili ya watu wasiojuana, tofauti ile kubwa kati ya mtu na mtu inaingia kwenye kelele na kuifunika sauti. Ukitumia jozi, kila mtu analinganishwa na nafsi yake. Yule wa kilo 95 hapimwi tena na wa kilo 48. Anapimwa na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Tufanye kwa mikono yetu

Sitatumia data zangu. Tutumie data ambazo Gosset mwenyewe alizitumia katika makala yake ya 1908, zilizokuwa zimechapishwa na watafiti wawili, Cushny na Peebles, mwaka 1905. Wagonjwa 10 walipewa dawa mbili za usingizi kwa nyakati tofauti, na kila mara ikaandikwa ni saa ngapi za usingizi zimeongezeka. Alama ya kutoa maana yake usingizi ulipungua.

Mgonjwa wa 1: dawa ya kwanza 0.7, dawa ya pili 1.9
Wa 2: -1.6 na 0.8
Wa 3: -0.2 na 1.1
Wa 4: -1.2 na 0.1
Wa 5: -0.1 na -0.1
Wa 6: 3.4 na 4.4
Wa 7: 3.7 na 5.5
Wa 8: 0.8 na 1.6
Wa 9: 0.0 na 4.6
Wa 10: 2.0 na 3.4

Wastani wa dawa ya kwanza ni saa 0.75, na wa dawa ya pili ni saa 2.33. Tofauti ni 1.58.

*Katika R.* Programu hii ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Andika hivi:

dawa1 <- c(0.7, -1.6, -0.2, -1.2, -0.1, 3.4, 3.7, 0.8, 0.0, 2.0)
dawa2 <- c(1.9, 0.8, 1.1, 0.1, -0.1, 4.4, 5.5, 1.6, 4.6, 3.4)

Sasa fanya kosa nililofanya mimi. Jifanye hujui kuwa ni watu wale wale:

t.test(dawa2, dawa1)

Utapata t = 1.86, digrii za uhuru 17.78, p = 0.079. Mipaka ya uhakika ya asilimia 95 inaanzia -0.21 hadi 3.37. Mwanafunzi mwenye haraka atasema: “p imezidi 0.05, hakuna tofauti”, na kufunga kompyuta.

Sasa fanya inavyotakiwa:

t.test(dawa2, dawa1, paired = TRUE)

Utapata t = 4.06, digrii za uhuru 9, p = 0.0028. Mipaka ya uhakika ni 0.70 hadi 2.46.

Tarakimu ni zile zile na tofauti ya wastani ni ile ile 1.58. Kilichobadilika ni swali tulilouliza.

Tuhakikishe kwa kalamu ili tusiiamini kompyuta kama mganga. Toa dawa ya kwanza kutoka ya pili kwa kila mgonjwa: 1.2, 2.4, 1.3, 1.3, 0.0, 1.0, 1.8, 0.8, 4.6, 1.4. Jumla ni 15.8, wastani 1.58. Mkengeuko sanifu wa tofauti hizi ni 1.23. Gawanya kwa kipeuo cha pili cha 10, ambacho ni 3.162, upate kosa sanifu 0.389. Sasa 1.58 gawanya kwa 0.389 ni 4.06. Jaribio la jozi si kitu zaidi ya hapo: ni jaribio la sampuli moja juu ya tofauti, likiuliza kama wastani wake ni sifuri.

Tahadhari moja ya hapa kwetu Rwanda. Huenda kompyuta yako imewekwa kwa mtindo wa Kifaransa, na Excel yake inaandika 0,7 badala ya 0.7. Katika R, koma hutenganisha namba, kwa hiyo 0,7 itasomwa kuwa namba mbili, 0 na 7. Kagua faili lako kabla ya kulipeleka popote.

*Katika SPSS.* Kwa jozi, panga data hivi: mtu mmoja mstari mmoja, na vipimo viwili katika safu mbili zilizo bega kwa bega. Bofya Analyze, kisha Compare Means, kisha Paired-Samples T Test. Ingiza safu zote mbili kama jozi, bofya OK.

Kwa makundi huru mpangilio ni mwingine: vipimo vyote katika safu moja, na safu ya pili inasema mtu ni wa kundi la 1 au la 2. Bofya Independent-Samples T Test, weka safu ya makundi, kisha bofya Define Groups na uandike 1 na 2. Matokeo yatakuja kwa mistari miwili. Wa juu umeandikwa Equal variances assumed, wa chini Equal variances not assumed. Wa juu unachukulia kwamba mtawanyiko wa makundi yote mawili ni sawa. Wa chini hauchukulii hivyo, na unaitwa jaribio la Welch. R huanza na Welch bila kuambiwa. Ushauri wangu: usome mstari wa chini, hasa kama makundi yako hayalingani idadi.

Rafiki yangu alikuwa amezirundika data zangu kwa mpangilio huu wa pili. Uzito wote ulikuwa katika safu moja, huku 1 ikiwa kabla na 2 ikiwa baada. Kompyuta ikadhani watu ni mara mbili ya idadi yao. Haikulalamika, kwa sababu haijui kwamba namba 7 wa juu na namba 7 wa chini ni mtu mmoja aliyefunga mwezi mzima.

*Katika Excel.* Kama huna kingine, andika =T.TEST, kisha safu ya kwanza, safu ya pili, idadi ya pande, na aina. Aina ya 1 ni jozi, ya 2 ni makundi huru yenye mtawanyiko sawa, ya 3 ni makundi huru yasiyo na sharti hilo. Itakupa p peke yake bila t wala mipaka ya uhakika, kwa hiyo itumie kukagua tu.

Masharti yake

Kama wudhu ulivyo na masharti, jaribio hili nalo lina yake.

Sharti la kwanza ni kwamba kila mtu, au kila jozi, awe peke yake. Ukipima ndugu watano wa nyumba moja wanaokula chungu kimoja, huna ushahidi wa watu watano kamili. Kasoro hii kompyuta haiwezi kukusaidia kuiona.

La pili, mgawanyo wa data usiwe mbali sana na ule wa umbo la kengele, hasa sampuli ikiwa ndogo. Katika jozi, kinachokaguliwa ni *tofauti*, si safu mbili zenyewe. Sampuli ikikua, jaribio linavumilia zaidi.

La tatu, tazama thamani zilizojitenga. Andika boxplot(dawa2 - dawa1) uone: mgonjwa wa 9, mwenye 4.6, amesimama peke yake mbali na wenzake.

Ufanye nini naye? Wengi wanadhani ukimtoa mtu aliyenufaika kuliko wote, matokeo yatakuwa dhaifu. Nilijaribu. Wagonjwa 9 waliobaki wana wastani wa tofauti wa 1.24 tu, mdogo kuliko wa mwanzo, lakini mkengeuko sanifu unaanguka hadi 0.66. Basi t inapanda kutoka 4.06 hadi 5.66, na p inashuka chini ya 0.001. Mtu asiye na hofu ya Mungu angeweza kumfuta mgonjwa huyu, akapata jedwali zuri zaidi, na msomaji asijue kamwe.

Njia ya uaminifu ni hii. Kwanza kagua kama ni kosa la kuandika. Kama ni kosa na una karatasi ya asili, sahihisha. Kama si kosa, mwache, fanya hesabu pamoja naye na bila yeye, na ueleze zote mbili. Unaweza pia kutumia jaribio la Wilcoxon, ambalo linatumia mpangilio wa ukubwa badala ya ukubwa wenyewe na kwa hiyo halitikiswi sana na mtu mmoja: wilcox.test(dawa2, dawa1, paired = TRUE). Hapa litatoa p chini ya 0.01, pamoja na onyo kwamba kuna thamani zinazofanana na sifuri moja. Onyo hilo lisikutishe. Hitimisho letu halikubadilika, na sasa tunaweza kulisema kwa utulivu.

Namna ya kuandika matokeo

Usiandike “p < 0.05, kwa hiyo dhana imethibitishwa”. Andika hivi:

“Wagonjwa 10 walipata wastani wa saa 1.58 zaidi za usingizi kwa dawa ya pili kuliko ya kwanza (mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 0.70 hadi 2.46; jaribio la t la jozi, t = 4.06, digrii za uhuru 9, p = 0.003).”

Anza na ukubwa wa tofauti kwa kipimo ambacho mtu wa kawaida anakielewa: saa, kilo, alama. Kisha mipaka ya uhakika, ambayo inaonyesha tofauti ya kweli inaweza kuwa ndogo kiasi gani au kubwa kiasi gani. Thamani ya p ije mwisho. Msimamizi akitaka kipimo cha ukubwa wa athari, kwa jozi gawanya wastani wa tofauti kwa mkengeuko wake sanifu: 1.58 kwa 1.23 ni 1.28.

Na p ikizidi 0.05, usiseme “hakuna tofauti”. Sema “hatukupata ushahidi wa kutosha wa tofauti”. Asiyepata funguo zake gizani hajathibitisha kwamba hazimo chumbani.

Milango mitatu ya kupunja

Surat al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo. Tumezoea kuisoma tukimfikiria muuza nyama na mizani yake. Lakini sisi nao tunashika mizani, na anayetununulia ni mgonjwa atakayetibiwa, au kijiji kitakachopangiwa mradi, kwa kutegemea namba zetu. Milango ya kupunja niliyoiona kwa macho yangu ni mitatu.

Wa kwanza ni kuwatoa watu wasiotufaa. Nimekwisha kuueleza.

Wa pili ni kugeuza swali baada ya kuona jibu. Jaribio la pande mbili linatoa p = 0.08, mtu anakimbilia la upande mmoja ili apate 0.04. Jaribio la upande mmoja ni halali ukiwa umeliamua *kabla* ya kuona data, na una sababu. Katika matoleo mapya ya SPSS zote mbili zimeandikwa pamoja, One-Sided p na Two-Sided p, na jicho lina tamaa.

Wa tatu ni kupima mambo mengi na kutangaza moja. Ukifanya majaribio 20 huru ambayo kwa kweli hayana tofauti yoyote, uwezekano kwamba angalau moja litaangukia chini ya 0.05 kwa bahati tu ni asilimia 64 hivi. Kwa hiyo ukipima uzito, usingizi, alama, shinikizo la damu na mengine kumi na sita, kisha ukaandika moja “lililotoka”, umemficha msomaji wako kumi na tisa. Sema yote uliyoyapima.

Na kuna mlango wa nne ambao tunauona mdogo: programu za kuibwa. Nakala za SPSS zilizovunjwa kufuli zinazunguka mabwenini kwa flashi, na mara nyingi virusi vinakuja pamoja nazo. Sitoi fatwa, hilo lina wenyewe. Nasema tu kwamba hatuna dharura. R ni ya bure kwa leseni ya wazi. Anayependa kubofya kuliko kuandika, JASP na jamovi pia ni za bure na zina jaribio la t la aina zote tatu. Na kabla ya kununua chochote, uliza maabara ya kompyuta ya chuo kama ina leseni.

Wale wawili

Nilikaa na ile orodha usiku mzima baada ya Isha. Ilikuwa rahisi sana: mistari miwili, kitufe kimoja. Hakuna aliyenifahamu isipokuwa rafiki yangu, na yeye ndiye aliyeshauri. Nikajiambia ni kwa ajili ya kheri, kwamba watu wakiona funga ina faida watavutiwa. Ndipo nikakumbuka ustadh na jibu linalopendwa kabla ya kuhesabiwa. Dini hii imekamilika bila msaada wa jedwali langu. Kama nitaipamba kwa uongo, na siku moja mtu akaugundua, nitakuwa nimewapa watu sababu ya kutuona sote waongo, hata tunaposema kweli.

Asubuhi nilimpelekea msimamizi wangu faili lote. Alilitazama kwa dakika mbili, akauliza swali moja: “Hawa wa kabla na hawa wa baada ni watu tofauti?” Nikasema la. Akaniambia nirudi nikapange upya, mtu mmoja mstari mmoja. Ilinichukua jioni nzima kuoanisha namba kutoka karatasi mbili. Mmoja hakuwa na kipimo cha baada kwa sababu alisafiri kwenda kwao. Nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

Niliwatafuta pia wale wawili, kwa ruhusa yao. Mmoja alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye malaria nilipompima Shaaban, na mwezi wa Ramadhani ndio aliopata nafuu na hamu ya kula. Wa pili alicheka tu, akasema futari za mama yake zina sambusa nyingi. Hawakuwa makosa ya data. Walikuwa watu waliofunga, na habari zao zilistahili kuandikwa. Ndizo kurasa ambazo jopo liliniuliza zaidi siku ya kutetea kazi yangu.

Matokeo ya kilo sitayataja hapa. Sampuli yangu ilikuwa ndogo na ya chuo kimoja, na sipendi mtu aibebe kama hukumu juu ya funga. Nitasema tu kwamba jaribio la jozi lilinipa jibu lililo wazi kuliko lile la mwanzo, na wale wawili walikuwa ndani.

Kwa hiyo, mwenzangu unayefungua faili lako wiki hii, kabla ya kubofya jiulize kwa karatasi na kalamu: je, watu ni wale wale au ni tofauti? Swali langu lina pande ngapi, na nimeliandika kabla ya kuona data? Nani amejitenga, na kwa nini? Nimepima mambo mangapi? Ukishayajibu hayo manne, kilichobaki ni mstari mmoja wa kuandika.

Na kama umekwama, tafuta mwenzako mkae pamoja baada ya swala ya Ijumaa na kompyuta moja. Mwanzo nilimpa rafiki yangu faili akafanye peke yake. Siku hizi tunakaa wawili, mmoja anaandika, mwingine anauliza kwa nini.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie ukweli katika vipimo vyetu vyote, vidogo na vikubwa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.